Tonge la Pacha Wangu

Mchungaji wetu hajui Kiingereza. Anajua kusalimia, kubariki na kuuliza bei. Zaidi ya hapo ananitegemea mimi. Kwa miaka saba nimesimama mkono wake wa kushoto katika ukumbi tunaoukodi juu ya duka la magodoro hapa Durban, yeye akisema sentensi kwa Kiswahili chetu cha Kongo, mimi nikiirudisha kwa Kiingereza kwa ajili ya Wazulu, wenyeji wa huku, na wengine waliojiunga nasi. Akipaza sauti, napaza. Akinyanyua mkono, nanyanyua. Amina zetu huja mara mbili, ya kwanza ni yake na ya pili ni yangu.

Ninaandika haya kwa sababu nataka ijulikane nilivyomlipiza. Siandiki ili nitubu.

Mtu ambaye hajawahi kutafsiri mahubiri hajui mkalimani anafunika mangapi. Mchungaji akikosea sura ya Biblia, nilitaja iliyo sahihi. Akisema watu wa mji huu ni wavivu, nilisema kwa Kiingereza kwamba sote tunahitaji kuongeza bidii. Siku moja alisema Petro alimezwa na samaki, nami nikamrudishia Yona samaki wake bila kusita. Wazulu wa kanisani kwetu wanamwona mtu mwenye hekima nyingi. Nusu ya hekima hiyo ni yangu, na sijawahi kushukuriwa.

Mimi nilizaliwa pacha. Mwenzangu, msichana pia, aliishi siku mbili. Nyumbani kwetu Uvira, mama yangu hakukubali kwamba kifo cha yule mmoja kilimfanya awe mama wa mtoto mmoja. Mama yake mwenyewe alimfundisha la kufanya. Mama yangu alikuwa na kibakuli kidogo cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu uliobanduka sehemu mbili. Kabla ya kula alikata tonge moja la bugali, ugali wa kwetu, akalichovya kwenye mchuzi, akaliweka humo na kukisogeza kibakuli pembeni. Hakusema neno, wala hakupiga magoti. Tukimaliza kula, alinipa tonge lile nilile mimi, kwa kuwa tulilala tumbo moja. Nilikua nikila matonge ya dada yangu na sikuona ajabu yoyote, kama vile mtoto anavyovaa nguo za mkubwa wake.

Na mama alikuwa Mkristo. Alibatizwa ziwani, maji yakimfika kifuani. Alijua nyimbo zote za kitabu bila kukifungua kitabu. Vita vilipotufukuza, kibakuli kilipita naye Tanzania, Malawi na Msumbiji, kimefungwa ndani ya kitenge. Alipofika Durban kuishi nami katika chumba ninachopanga Glenwood, kitu cha kwanza alichotoa kwenye begi kilikuwa Biblia. Cha pili kilikuwa kibakuli.

Kisha akaugua figo. Mchungaji alikuja kumwombea Jumamosi mchana, akatukuta tunakula. Akakiona kibakuli na tonge lake. Akauliza ni cha nani, na mama, ambaye kuficha jambo hakukujua kabisa, akamwambia ni cha yule mwingine.

Mchungaji aliacha kumtazama mama. Maneno yake aliyaleta kwangu.

"Njo maana haponi," alisema. "Iko muzimu anakula mu hii nyumba."

Hakutaka hata kukigusa. Alichukua mfuko wa plastiki niliotoka nao dukani, akauvaa mkononi, akakishika kibakuli kwa ncha za vidole, tonge likiwa bado ndani. Akaugeuza mfuko, akaufunga fundo, akanikabidhi. Alisema nikitupe mimi, maana mimi ndiye mwenye nyumba na mlango wa mzimu huo niliufungua mwenyewe. Nami nikakitupa. Hapa simsingizii mtu. Mkono uliokitia kwenye taka ulikuwa wangu. Nilitaka mama apone, na mtu anayeuguza mama yake huamini chochote atakachoambiwa.

Jumatatu asubuhi lori la taka lilipita. Mama alikuwa amekaa dirishani. Alilisikiliza likisimama mlangoni kwetu, likisaga, likiondoka, mpaka likakata kona kwenye taa za barabarani. Mchana wake tulipokaa kula, alikata tonge kwa mazoea, akalichovya, halafu mkono ukabaki hewani. Akanitazama.

"Sasa hii nitaiweka wapi?"

Alilirudisha kwenye sahani, akalisukuma ukingoni, na hakula tena siku hiyo. Ilikuwa hivyo kila mlo kwa majuma matatu aliyobakiza. Anakata, anachovya, anatafuta pa kuweka. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo linaniuma kuliko kama angenilaani.

Mchungaji ndiye aliyemzika. Kaburini nilisimama mkono wake wa kushoto kama kawaida, maana nusu ya waliokuja walikuwa Wazulu na hakukuwa na mkalimani mwingine. Nilidhani atawaambia watu jinsi mama alivyojua nyimbo. Akaanza vizuri, akasema alikuwa mwenye heshima na mpole. Kisha akasema hivi:

"Huyu mama alipenda Mungu, lakini alikufa na mizimu yake mukononi. Musimufate."

Siku zote nilikuwa nafunika. Siku hiyo kichwa changu kilikuwa kitupu, macho yamejaa, na mdomo ukafanya kazi wenyewe kwa mazoea. Nilisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika mpaka kaburi la jirani, kwamba mama yangu amekufa ameshikana mikono na mizimu yake. Nililisema mimi, mtoto wake, mchanga ukiwa haujamwagwa.

Wanawake wa Kizulu wakaitikia kwa mguno mrefu wa kukubali. Mmoja wao, mama mnene anayeuza mahindi ya kuchemsha pale sokoni Warwick, alinikumbatia akaniambia nisilie, kwamba si kila mtu anajaliwa kuondoka akiwa ameshikwa mikono na wazee wake. Walidhani mama anasifiwa! Mchungaji, aliposikia mguno ule, alidhani wanamuunga mkono. Alijifuta jasho akaendelea kwa nguvu mpya. Mimi peke yangu kati ya watu wale wote nilielewa pande zote mbili, na nikamwekea kiporo hapo hapo.

Watu wangu wa karibu waliniuliza kwa nini nisihame kanisa. Yako mengi mjini, mengine yana viyoyozi. Lakini mama alitukanwa kwa mdomo wangu mbele ya watu wale, na nilitaka asafishwe kwa mdomo huo huo mbele ya watu hao hao. Kwingine kungenisaidia nini? Nikaendelea kusimama mkono wa kushoto, Jumapili baada ya Jumapili, nikimtafsiria yule mtu huku nimeng'ata meno.

Siku mbili kwa juma nafanya usafi na kupiga pasi kwa mzee mmoja, mitaa miwili juu ya kwangu. Ni mstaafu, alifundisha historia ya kanisa chuoni. Anapenda kuongea nikiwa napiga pasi, na kwa kawaida namwitikia tu. Siku moja aliniuliza mbona sijavua nguo nyeusi. Nikamwambia habari ya kibakuli, yote, hadi lori la taka. Aliweka kikombe chake cha chai chini, akaenda kwenye rafu zake, akarudi na kitabu ambacho hata hakukifungua.

Aliniambia kwamba Wakristo wa mwanzo hawakushuka kutoka mbinguni wakiwa tayari wamefundishwa. Walikuwa watoto wa watu waliokuwa wakipeleka chakula makaburini, nao wakaendelea kupeleka. Walikula juu ya makaburi ya wazazi wao na ya mashahidi wa imani. Wengine walichomeka bomba la udongo kaburini ili divai imfikie aliyelala chini. Ilikuwa hivyo kwa vizazi, mpaka baadhi ya maaskofu walipoona yanafanana mno na ya wapagani na wakaanza kukemea. Kisha akanisimulia habari ya mama mmoja wa Afrika Kaskazini, mjane, ambaye mwanawe alikuja kuwa askofu mkubwa. Mama huyo alikuwa akibeba kikapu chenye uji mzito, mkate na divai kupeleka kwenye makaburi ya mashahidi, kama walivyofanya wote kwao. Akamfuata mwanawe mpaka Italia, akabeba kikapu chake vile vile, na bawabu wa kanisa akamsimamisha mlangoni. Askofu wa huku amekataza, akaambiwa.

Nilisahau pasi. Shati la mzee liliungua kola, na hakunisema. Nilimuuliza huyo mama sasa yuko wapi. Akajibu kwamba kanisa linamwita mtakatifu, na kuna makanisa dunia nzima yenye jina lake mlangoni. Jina la bawabu hakuna aliyehangaika kuliandika.

Basi nikamuuliza na la kwangu, mama yangu mimi yuko wapi. Mzee alivua miwani.

"Mama yako alikuwa anamlisha mtoto wake," aliniambia. "Sidhani Mungu anahitaji kuelezwa jambo hilo."

Niliibeba sentensi ile mpaka nyumbani. Nikiwa njiani nilishajua nitaifanyia nini.

Mchungaji wetu anapenda vyeo kuliko anavyopenda chumvi. Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia kuna dokta wa chuo kikuu, mtu wa vitabu, yuko tayari kuja kutufundisha kuhusu Wakristo wa kwanza, na kwamba kwa kweli kanisa dogo kama letu kumpata mtu wa aina hiyo ni heshima ya mchungaji mwenyewe. Alitangaza kwa Jumapili tatu. Alichapisha bango lenye picha yake kubwa na ya dokta ndogo. Mzee naye nilimwomba tu azungumze yale yale aliyoniambia kwenye pasi. Hakujua kaburini palisemwa nini. Hilo nililiruka nilipokuwa namsimulia.

Siku hiyo ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Mambo yalikuwa yamegeuka: dokta anasema Kiingereza, mimi natoa Kiswahili, mchungaji amekaa mstari wa mbele kwenye kiti chenye mto, amevaa suti ya rangi ya maziwa. Nyuma yetu palikuwa na ubao wa ratiba, ambao ni mimi ninayeuandika kila juma kwa maagizo yake. Ulisomeka, Ijumaa ikiwa kwa Kifaransa cha kwetu: Vendredi, maombi ya kuvunja miungu ya kale.

Dokta alianza taratibu. Alisema Wakristo wa kwanza walihamia katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na vyombo vya mwenye nyumba wa zamani. Vingine walivitupa, vingi walivitumia. Akatoa mfano wa majina ya siku, na akitazama ubao wetu akasema kwamba vendredi ni siku ya mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi. Nilitafsiri polepole, neno kwa neno, ili wote wapate nafasi ya kugeuza shingo. Ukumbi mzima ulisoma ubao upya. Kuna aliyecheka. Akasema pete ya ndoa nayo Warumi waliivaa kabla ya kumjua Kristo. Wakatazama kidole cha mchungaji, naye akauteremsha mkono chini ya Biblia. Nilifurahi, sitadanganya.

Halafu akafika kwenye kikapu. Dokta alitumia neno la Kiingereza la uji. Ningeweza kusema uji. Nilisema bugali. Akataja wafu na roho zao. Kwa miaka saba, kila alipokuja mgeni wa kuhubiri kwa Kiingereza, nilikuwa na neno langu safi la mahali hapo, roho za marehemu, neno lisilomkera mtu. Safari hii niliteremka mpaka kaburini nikalichukua lile la mchungaji.

"Bakristo ba kwanza balikuwa banapelekea mizimu yao chakula," nikasema. "Na balikuwa Bakristo."

Viti vililia. Bibi mmoja wa nyuma, ambaye huwa halalamiki hata akikanyagwa, alisema bila kuombwa kwamba kwao pia ilikuwa hivyo, na mama yake alikuwa shemasi. Dokta alingoja kelele zishuke, akaendelea na bawabu. Na hapa akaongeza jambo ambalo nyumbani hakuniambia. Alisema yule mama alitii. Aliweka kikapu chake chini bila kinyongo, hakukibeba tena, na tangu siku hiyo alikwenda makaburini na sala tu.

Nilikuwa nimewahi kufunika sentensi nyingi. Kuangusha sentensi nzima, sijawahi. Nilisema bawabu alimzuia, nikafunga mdomo. Dokta alinitazama kidogo, maana maneno yake yalikuwa mengi na yangu machache, lakini hana Kiswahili, akapita. Nikatafsiri kwa ukamilifu kwamba kanisa linamwita mama huyo mtakatifu, na kwamba jina la bawabu limepotea. Wakati wa neno bawabu nilimtazama mchungaji kwa makusudi, nikabaki nikimtazama.

Mama wa mahindi, ambaye nilishamsimulia habari ya kibakuli, akasimama. Aliuliza kwa Kiingereza kama ameelewa sawasawa, kwamba mama wa mkalimani wetu alifanya kama alivyofanya mtakatifu. Dokta akasema naam, kama alivyofanya mtakatifu. Nikayatafsiri yote mawili, swali na jibu, mbele ya watu wale wale, kwa mdomo ule ule. Hakuna aliyepinga. Amina ilikuja mara moja tu, na ilikuwa ya mama yangu. Nilipaswa kuchukua mkoba wangu niende zangu wakati huo.

Baada ya ibada watu walikuwa wakila mbaazi na kunywa juisi. Mchungaji alitufuata dirishani mimi na dokta. Nilijiandaa kwa ugomvi na nilikuwa nautamani. Lakini alisimama akitazama viatu vya dokta, akaniambia kwa sauti ya chini, ambayo sijawahi kumsikia nayo.

"Mama, umuulize Dokta. Mama yangu naye alikuwa anawekea mutoto chakula, ule alinitangulia kuzaliwa, akakufa. Nilimukataza, akakataa. Alipokufa sikuenda kumuzika. Umuulize, mama yangu iko wapi?"

Nikaelewa ule mfuko wa plastiki mkononi mwake. Nikaelewa pia kwa nini alikitambua kibakuli kabla hajakalishwa kwenye kiti. Dokta alikuwa ameinama kidogo, anasubiri nimletee swali, na jibu nililijua. Nilikuwa nimepewa mbele ya pasi, linamtosha mama yeyote. Mchungaji alikuwa amekazia macho mdomo wangu.

Nilimwambia dokta kwamba mchungaji anamshukuru sana kwa kuja.

Mzee alifurahi. Aliushika mkono wa mchungaji kwa mikono yake yote miwili, akasema furaha ni yake, na kwamba mbaazi tulizomkaribisha nazo zilikuwa tamu. Mchungaji alikataa kuuachia mkono ule. Akanigeukia.

"Anasema nini?"

"Anasema si swali ya kujibu mbio, Pasta. Atatafuta mu vitabu."

Sasa umepita mwaka na zaidi. Bado napiga pasi kwa dokta Jumanne na Alhamisi, na bado natafsiri Jumapili. Mchungaji hahubiri tena habari za mizimu. Ubao wangu siku hizi unasema Ijumaa, kwa agizo lake. Nilinunua kibakuli kingine cha bati pale Warwick, chenye ukingo wa buluu, naweka tonge la dada yangu na la mama humo, kisha nayala yote mawili.

Kila Jumapili, nikiwa najaribu maikrofoni kabla watu hawajaingia, mchungaji hupita karibu yangu na kuuliza kwa sauti ile ya chini kama Dokta amejibu. Namwambia bado. Anaitikia kwa kichwa, anapanda jukwaani, anahubiri. Mama aliishi na swali lake majuma matatu. Jibu la mchungaji ninalo, ni fupi, halimalizi hata pumzi moja, na nitampa siku nitakapochoka kuulizwa.

Sijachoka.